Gari la Yehu na Gari la Mkushi

Masomo: 2 Wafalme 9:16–20, Matendo ya Mitume 8:26–39



Mlinzi amesimama juu ya mnara wa Yezreeli, naye kwa mbali aona kundi la watu laja. Mfalme Yoramu apeleka mpanda farasi mmoja kuuliza habari, harudi. Apeleka wa pili, naye harudi. Ndipo mlinzi atoa taarifa ambayo kila tuisomapo twatabasamu. Uso wa huyo ajaye haujaonekana bado, lakini mlinzi amemtambua kwa namna anavyoendesha. Huyo hana budi kuwa Yehu mwana wa Nimshi, maana hakuna mwingine aendeshaye kwa wazimu kama ule.

Wasomaji na wafungue Biblia zao waisome habari hiyo wenyewe. Watafsiri wetu walitumia neno lile lile tulitumialo leo: gari. Waingereza wana neno moja kwa gari la vita la farasi na neno jingine kwa motokaa, lakini Mswahili asomapo habari za Yehu husikia gari, naye huliona likija kutoka upande wa Kidatu likitimua vumbi. Tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu wanachuo walicheka sana walipofika hapo. Mmoja alisema, "Kumbe hata zamani walikuwapo!" Ndiyo, walikuwapo.

Tumeandika haya kwa sababu ya jambo tuliloliona hapa kanisani. Jumapili moja baada ya ibada tuliwakuta vijana sita wa kwaya chini ya mwembe, vichwa vyao vimekutana juu ya simu moja. Tulidhani wanajifunza wimbo. Kumbe walikuwa wakitazama motokaa ya Kifaransa iitwayo Bugatti, yenye silinda 16, ambayo mwaka 2019 ilikimbia kilometa 490 kwa saa katika barabara ya majaribio huko Ujerumani. Kilometa 490! Kutoka hapa Ifakara mtu angefika Dar es Salaam kabla chai haijapoa, kama ng'ombe wa njiani wangekubali.

Walipotuona walitaka kuificha simu. Wakatuuliza, kwa woga kidogo, "Mwalimu, unaionaje?" Tuliwajibu kwamba ni nzuri sana. Wakashangaa. Nadhani walitazamia kuhubiriwa.

Basi na tuseme kweli tangu mwanzo, maana mhubiri asiyesema kweli juu ya kitu kidogo hataaminiwa kwa kikubwa. Gari la namna ile ni zuri. Mtu aliyelichora alikuwa na jicho; aliyeipanga injini ile alikuwa na akili na subira; na vipawa hivyo havikutoka kwa Shetani. Mzee anayewaambia vijana kwamba hakuna kitu pale ila ubatili amesahau ujana wake, au anaficha.

Sisi hatukusahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wachina walipokuwa wakijenga reli ya TAZARA kupita katika bonde letu, tuliyakimbilia malori yao kila yalipopita. Tulitengeneza magari yetu kwa waya na vibati, magurudumu tukayakata kwenye malapa yaliyokwisha, na usukani ulikuwa mti mrefu uliofika kifuani, ili mwenye gari aendeshe huku akikimbia nyuma yake. Sauti ya injini tuliitoa kwa midomo. Na kila gari lilikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa Datsun.

Sababu yake ilikuwa mashindano ya Safari. Wazee wenzetu wanayakumbuka. Yalianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita katika nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa muda mrefu yalifanyika siku za Pasaka. Masika yalikuwa ndiyo shabaha: matope, mito iliyofurika, giza la milima ya Usambara. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari ambalo wengi wetu tulilijua kama teksi! Joginder Singh, Kalasinga wa Kericho aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva, alishinda 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine.

Ndipo ikaja Datsun 240Z. Ilikuwa ya milango miwili, boneti ndefu kama mdomo wa korongo, injini ya silinda sita. Ilishinda 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyelingana kwa alama na Harry Källström kutoka Sweden hata ikabidi kanuni zichunguzwe ili kumpata mshindi. Picha yake ilibandikwa ukutani mwa duka moja hapa mjini. Tulikwenda kununua chumvi ya senti kumi tukakaa nusu saa. Gari lenyewe hatukuliona kwa macho hata siku moja, lakini tulijua mahali taa zake zilipo, na tulijua upande upi bomba la moshi linatokea. Jumapili ya Pasaka ya mwaka ule 1973 tulikaa kanisani tukiwa wavulana, na mahubiri ya ufufuo yalipokuwa yakiendelea, mwenzetu mmoja alitunong'oneza, "Nani anaongoza?" Hatukumwuliza nani katika nini. Bwana wetu alikuwa amefufuka, na sisi masikio yetu yalikuwa dukani, kwenye redio.

(Safari ya siku hizi ni ya Kenya peke yake. Ilirudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, na mwaka 2024 ikarudishwa tena siku za Pasaka. Makasisi wa Naivasha watuambie walijaza viti vingapi.)

Halafu miaka ikaja iliyotufundisha kutembea kwa miguu. Mafuta yakawa adimu. Motokaa ya mtu binafsi ikakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana pasipo kibali. Tulitumaini kwamba hapo watu wataongezeka kwenye ibada ya jioni, hawakuongezeka. Aliyekuwa na gari alikuwa mkubwa wa serikali, au tajiri, au mmisionari. Vijana hawakulitamani gari kwa sababu mtu hatamani mwezi. Leo mambo ni mengine. Motokaa zilizotumika zashuka bandarini Dar es Salaam kutoka Japani kila wiki, na lami imefika mpaka hapa Ifakara, kilometa kama 67 kutoka Kidatu. Barabara ile ile iliyotulaza njiani siku mbili wakati wa masika, leo mtu aimaliza kabla ya saa moja. Mwezi umeshuka hadi usawa wa mkono. Ndiyo maana tamaa imekuwa kali.

Na tamaa hiyo imeingia nyumbani mwetu.

Tunaye mjukuu, kijana wa miaka 24, anayefanya kazi mjini Morogoro. Si mlevi. Kanisani huenda. Mwezi wa kumi na mbili alikuja kutusalimu, akakaa siku mbili akizungukazunguka, siku ya tatu akasema lililomleta. Kuna Subaru Impreza inauzwa, shilingi milioni 15. Ana milioni 4. Akaomba ekari 5 za mpunga, ambazo tulikuwa tumemtajia kuwa zitakuwa zake, ziuzwe sasa.

Tulimwuliza gari hilo lina nini. Hapo uso wake uling'aa, na twakiri kwamba tulifurahi kumsikiliza, maana hakuna mwanafunzi mzuri kama yule anayesema juu ya kitu akipendacho. Alituambia kwamba injini yake silinda zimelala ubavu, hazikusimama, ndiyo sababu ya mngurumo wake wa pekee. Alituambia habari za tabo, yaani kile kifaa kinachoipulizia injini hewa kwa nguvu. Alituambia kuwa linavutwa na magurudumu yote manne, na kwamba gari la jina hilo ndilo alilolitumia Colin McRae kushinda Safari mwaka 1997, na Patrick Njiru wa Kenya akawa wa nne mwaka 1994. Tukaona tunazungumza na yule mvulana wa mwaka 1973.

Tukamwuliza tena, "Nalo litakubebea nini?" Akanyamaza. Kisha akasema neno la kweli kuliko yote aliyosema siku hizo tatu: "Babu, mtu akipita na gari lile, watu wanageuka."

Hapo ndipo penyewe, ndugu wapendwa. Si chuma, wala si mwendo. Ni watu kugeuka. Kijana amekaa chumba cha kupanga, hakuna anayejua jina lake mtaani, mkubwa wake kazini humwita "wewe". Ataka siku moja apite, watu wageuke. Absalomu alikuwa mwana wa mfalme, naye alitaka hivyo hivyo. Someni 2 Samweli 15: kitu cha kwanza alichojipatia kabla ya kuuasi ufalme wa baba yake kilikuwa gari na farasi, na watu hamsini wa kupiga mbio mbele yake. Hao hamsini walikuwa wa nini? Gari halikuwahitaji, kwa kuwa farasi walitosha. Walikuwa wa kuwafanya watu wageuke. Wenzetu wa siku hizi huliondoa lile kopo la bomba la moshi linalopunguza kelele, na kazi yake ni ile ile ya watu hamsini.

Tusimcheke Absalomu. Nani kati yetu hakuvaa suti mpya Krismasi akachelewa kuingia kanisani makusudi?

Usiku ule tulifungua 1 Wafalme, sura ya 10. Sulemani alikuwa na magari 1,400, ingawa Torati ilikuwa imekwisha kumwonya mfalme asijiongezee farasi. Mstari wa 29 wataja na bei: gari moja kutoka Misri lilikuwa shekeli 600 za fedha, farasi mmoja 150. Sisi tuliofundisha hesabu hatuwezi kuona namba tukaiacha. Tukaenda 2 Samweli 24, pale Daudi anaponunua kiwanja cha kupuria cha Arauna pamoja na ng'ombe wake, kwa shekeli 50. (Mambo ya Nyakati yataja hesabu kubwa zaidi, nayo wataalamu husema ni ya eneo zima.) Gawanyeni wenyewe. Kwa gari moja la Sulemani, mtu angeweza kununua viwanja 12 vya kupuria na ng'ombe wake juu. Watu wa Kilombero hawahitaji kuelezwa kiwanja cha kupuria ni nini. Na ni kwenye kiwanja kile kile ndipo Hekalu lilipojengwa baadaye, ila magari 1,400 hatujui yaliozea wapi.

Asubuhi tulimwonyesha mjukuu wetu hesabu hiyo. Aliisoma kwa heshima, akasema, "Babu, hiyo ni kweli. Lakini wewe hukuwahi kupenda mwendo?"

Hatukumjibu siku ile. Tunamjibu hapa, na tunaomba msamaha kwa kuwa tunasema mbele ya parishi nzima neno ambalo hatukulisema nyumbani miaka karibu arobaini.

Mwaka 1987 tulikuja likizo, na ndugu mmoja akatuazima pikipiki yake, Honda, kwenda Mang'ula na kurudi. Ilikuwa kiangazi, barabara ya udongo imekauka, milima ya Udzungwa upande wa kulia na mashamba ya miwa tumeyaacha nyuma. Tulikuwa vijana wenye kazi nzuri, tumefunga vitambaa machoni kama marubani. Mwendo ni mtamu. Asiyewahi kuuonja hajui. Mwili unakuwa mwepesi, madeni yanabaki nyuma, hata jina lako linabaki nyuma. Kabla ya Kiberege tulimwona mama amesimama kando ya njia, mtoto yu mgongoni, akatupungia kanga. Tulimwona vizuri. Tulimwona tangu mbali. Hatukusimama. Tulijiambia kwamba lori laja nyuma, kwamba pikipiki si ya kubebea mgonjwa, kwamba breki za ghafula kwenye changarawe ni hatari. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini sababu yenyewe ni kwamba ulikuwa mtamu, na kusimama kungeukata.

Jioni tulikuwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko kumwona mgonjwa wetu mwingine. Yule mama aliingia kwa mguu, vumbi limemfika magotini, mtoto bado yu mgongoni ana homa kali. Alitutazama. Akapiga goti kidogo akasema, "Shikamoo, mwalimu." Sisi, tuliokuwa na umri sawa naye! Hatujui mpaka leo kama alitutambua au alituheshimu tu kwa suruali tuliyovaa. Mtoto alilazwa, akapona, Mungu ashukuriwe. Nasi hatukuwa na sehemu yoyote katika kupona kwake. Shikamoo ile tumeibeba.

Kwa hiyo, tulipofika kwenye Matendo sura ya 8 mwaka huu tuliisoma tofauti. Huko pia kuna gari. Mkushi yule hakuwa mtu mdogo: alikuwa mwangalizi wa hazina yote ya Kandake, malkia wa Kushi, naye alikuwa na gari kwa safari iliyotoka Yerusalemu mpaka kusini ya Misri. Wakati ule gari lilikuwa kitu cha wakubwa. Mahali popote Maandiko hayamlaumu kwa kuwa nalo. Lakini angalieni lilivyokwenda. Lilikwenda kwa namna ambayo mwenyewe aliweza kusoma chuo cha Isaya, tena kwa sauti. Lilikwenda kwa namna ambayo Filipo, mtu wa miguu, aliweza kupiga mbio akalifikia, akasikia maneno yanayosomwa, akauliza swali, akajibiwa. Kisha mtu wa miguu akaombwa apande. Na walipofika penye maji, mwenye gari mwenyewe aliamuru lisimame.

Twajiuliza, je, angekuwa Yehu katika njia ile ya Gaza? Filipo angeona vumbi tu. Roho angesema naye, naye angepiga mbio, na Injili ya Kushi ingebaki kando ya barabara inakohoa.

Vijana watasema, "Mwalimu, siku hizi kuna breki." Vema, na tuzungumze breki, tena kama darasani. Gari liendalo kilometa 100 kwa saa hupita mita karibu 28 kila sekunde moja. Mtu akishtuka, sekunde nzima aweza kuipoteza kabla mguu haujagusa breki. Mita 28 zimekwenda bure. Halafu mwendo ukiongezwa mara mbili, nafasi inayohitajiwa na breki haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne, na mgongano nao una nguvu mara nne. Sheria ya nchi yataka kilometa 50 penye makazi. Barabara yetu kutoka Kidatu ni makazi karibu yote: Mang'ula, Kisawasawa, Kiberege, na katikati baiskeli zenye magunia, watoto wa shule, mbuzi. Dereva wa Bugatti huko Ujerumani alikuwa na barabara iliyofungwa, hakuna hata mbuzi mmoja. Hilo simu haikuwaonyesha vijana wetu.

Sasa tumalizie habari ya mjukuu. Mwezi wa pili alikuja tena, safari hii na Subaru ya rafiki yake, ya rangi ya buluu, ili tulionje gari kabla ya kulihukumu. Tulikubali. Bibi yake alikataa, akasema atatungoja na dua. Tukaenda mpaka Mang'ula. Twakiri: kile kiti hukukumbatia kama mama, na kijana alipoikanyaga injini, mgongo wetu uligandamana nacho, tukacheka kwa sauti, mzee wa miaka 66. Mtu yeyote atakayewaambia kwamba hatukufurahia, amewadanganya.

Wakati wa kurudi, baada ya Kisawasawa, tulimwona bibi mmoja kando ya lami ana kifurushi, mkono juu. Tukasema, "Simama, mjukuu wangu." Maneno matatu tu. Yalipokwisha kutoka kinywani tulikuwa tumempita, na gari liliposimama, alikuwa mdogo kama kidole nyuma yetu. Mjukuu alitazama kioo, akatutazama sisi. Sura yetu nadhani haikuwa nzuri. Hakuuliza kitu. Aligeuza gari, akarudi.

Bibi alikuwa anakwenda hospitali Ifakara kutazamwa macho. Kumwingiza kulikuwa kazi. Gari ni la chini, na mgongo wake haukukubali kuinama namna ile. Kichwa kilipoingia mguu ulibaki nje, mguu ulipoingia kifurushi kilianguka. Alipokwisha kukaa alitazama kila upande, akasema, "Wanangu, hiki ni kitanda au ni gari?" Mjukuu wetu alicheka hata machozi yakamtoka. Akaliendesha kwa mwendo wa kilometa 50 mpaka mlangoni mwa hospitali, na njia nzima bibi alimsimulia mafuriko ya ujana wake, na jinsi walivyovuka mto Kilombero kwa mtumbwi kabla ya kivuko, na kabla ya daraja. Watu waligeuka, kwa kweli. Gari la namna ile kwenda taratibu hivyo, na bibi mwenye kitenge kwenye dirisha, si jambo la kila siku.

Zile ekari 5 hazijauzwa. Karatasi zipo mezani kwetu. Hatujazitia sahihi, wala hatujazichana, kwa sababu tulimwahidi zitakuwa zake, na ahadi ni ahadi. Amesema atatujibu baada ya mavuno. Nabothi alikuwa na haki ya kukataa kuuza urithi wa baba zake, lakini aliyekataa alikuwa Nabothi mwenyewe, si babu yake kwa niaba yake.

Wenye vyombo vya moto, pamoja na bajaji na bodaboda, wanaombwa kumpa katibu wa parishi majina yao kabla ya Jumapili ya Matawi. Wazee 11 hawawezi kufika kwa miguu ibada ya Ijumaa Kuu, na wengine wako ng'ambo ya mto.

Na jambo moja la mwisho. Juzi mjukuu wetu alipiga simu kutoka Morogoro, akauliza kama yule bibi aliwahi daktari wa macho, na kama atafanyiwa upasuaji. Hatukuwa na jibu. Tulimshusha, tukamwaga, tukaondoka, na wala hatukumwuliza jina. Ni mama mwembamba, ana alama ya kuungua kwenye mkono wa kushoto, na alituambia kuwa mume wake marehemu alikuwa mvuvi. Kama msomaji yeyote wa Kisawasawa amjua, tafadhali atuletee habari ofisini kwa katibu.